Grafu ya DSC inakuzingua kwenye chumvi za floridi? Anza na maji, mashine baadaye

Dogo mmoja yuko Lindi kanitumia picha ya grafu ya DSC (mashine inayopasha sampuli taratibu na kuchora joto inalomeza) saa nne usiku, kaandika tu "kaka mbona hii inaanza kuyeyuka 431 na sio 454, mashine imekufa?" Nikamuuliza potasiamu floridi umeikausha lini. Kimya, kama dakika kumi hivi, afu akajibu "ilikuwa kwenye chupa imefungwa". Hapo nikajua. Chupa imefungwa Lindi, mwezi wa pili, mvua inapiga kila jioni, na imeshafunguliwa mara ishirini, hiyo sio chupa tena hiyo ni tangi.

Nimeona bora niandike yote mara moja maana maswali ni yale yale, na mi mwenyewe nimeyapitia hapa Mtwara moja baada ya jingine, mpaka kuna wiki nilitaka kuiuza mashine.

Mfano wangu wote ni FLiNaK, yaani lithiamu floridi, sodiamu floridi na potasiamu floridi kwa moli asilimia 46.5, 11.5 na 42. Zikiwa peke yake kila moja ni ngumu kuyeyuka, lithiamu 848, potasiamu 858, sodiamu inakaribia 996, ila ukizichanganya kwa kipimo hicho zinayeyuka kwa pamoja kwenye nyuzi kama 454 za Selsiasi. Hiyo ndo yutektiki. Nimeichagua sababu haina beriliamu. Zile zenye beriliamu, kama chumvi iliyozunguka kwenye reakta ya majaribio ya Oak Ridge kule Marekani 1965 mpaka 1969, usiziguse kwenye chumba cha kawaida, vumbi lake likiingia kwenye mapafu ndo basi. Na kabla hujauliza, hapana, hii haihusiani na urani ya Namtumbo, kila nikitaja floridi mtu lazima anitanie hivyo.

Haya. Nikisema "mlima" namaanisha lile tuta kwenye grafu pale chumvi inapomeza joto. Mashine nyingine zinalichora kwenda chini, angalia mshale pembeni ya grafu kabla hujaanza kubishana na mtu.

Kuna milima midogo chini ya nyuzi 200

Maji. Usitafute sababu nyingine. Lithiamu floridi, sodiamu floridi na potasiamu floridi hazina badiliko lolote la umbo zikiwa bado ngumu, kwa hiyo huwezi kusema "labda fuwele zimegeuka". Badiliko la namna hiyo lipo kwenye kryoliti (floridi ya sodiamu na aluminiamu), kama nyuzi 560 hivi, lakini hapa hakuna kryoliti. Potasiamu floridi inavuta maji hewani mpaka inatengeneza fuwele zenye maji mawili ndani, na hizo zinayeyuka kwenye nyuzi 41 tu, yaani karibu na joto la gari lililopaki juani. Ndo maana mlima wa kwanza unaweza kuuona hata kabla ya 60, afu mingine inafuata maji yakitoka.

Nilielewa vizuri siku nilipokuwa napima na kijana wa mafunzo. Kaweka potasiamu floridi kwenye mizani, 5.91, kageuka kuandika kwenye daftari, karudi mizani inasema 5.93. Akapunguza kidogo. Ikarudi 5.91, afu 5.92, afu 5.94 tunaiangalia kwa macho. Yeye anasema mizani mbovu, mi naangalia dirisha liko wazi na upepo wa bahari unaingia. Ukiiacha pale kwa muda wa kunywa chai, unga unaanza kung'aa na kushikana kama chumvi ya kopo la jikoni wakati wa mvua.

Dawa yake ni kuikausha taratibu kwenye vakyumu. Taratibu! Mi nakaa nyuzi 120 usiku mzima, afu 200 masaa manne, afu 300 masaa mengine manne, inapoa humo humo kwenye vakyumu na inatoka kwenda moja kwa moja kwenye sanduku la glavu, lile lililofungwa unaingiza mikono tu, lenye agoni, gesi isiyojibizana na chumvi. Ukikimbilia 400 na maji bado yamo ndani, hayatoki kistaarabu, yanajibizana na chumvi, na hilo ndo tatizo linalofuata.

Mlima mkubwa unaanza chini ya 454

Hili ndo la dogo wa Lindi, na hapa watu wengi wanapotea kwa sababu wanafikiri wamekosea kipimo cha mchanganyiko. Sikiliza vizuri maana hili likikaa kichwani utaokoa wiki nzima. Ukikosea vipimo vya zile chumvi tatu, mwanzo wa mlima HAUSHUKI. Yutektiki ya vitu vitatu inaanza kuyeyuka pale pale hata ukizidisha kimoja, kinachobadilika ni mkia tu, yaani mwisho wa mlima. Sasa mwanzo ukishuka, na mashine imethibitishwa iko sawa, maana yake kuna kitu cha nne kimeingia.

Kitu cha nne kwa kawaida ni haidroksidi au oksidi iliyotokana na maji. Potasiamu floridi ikipashwa pamoja na mvuke wa maji, floridi inaondoka kama gesi ya haidrojeni floridi na nyuma inabaki potasiamu haidroksidi, inayeyukia humo humo kwenye mchanganyiko na kushusha kila kitu.

Namna ya kuhakikisha: angalia kioo. Mashine yangu gesi inatoka kwa mrija inapita kwenye kichupa cha kioo chenye maji, ili nione mapovu. Mwezi wa kwanza kile kichupa kilikuwa safi. Baada ya vipimo kama vinane nikaona shingo yake kwa ndani imekuwa na ukungu, nikaifuta kwa kitambaa, haufutiki. Nikatumia spiriti, haufutiki. Kumbe sio ukungu, kioo chenyewe kimeliwa, haidrojeni floridi inakula silika. Ukiona hivyo acha kila kitu, usipime tena mpaka umejua maji yanaingilia wapi. Na fikiria kwamba kilichokula kioo kilikuwa kinapita chumba hicho hicho unachopumua.

Kwangu yalikuwa yanaingilia kwenye bomba. Agoni ilikuwa safi kabisa, mtungi umekuja kwa lori kutoka Dar, kilomita zaidi ya 500, bei yenyewe sitaki kukumbuka, afu nikaunganisha kwa mpira wa silikoni mita tatu. Mpira wa silikoni unapitisha unyevu wa hewa kama chujio, na hewa ya Mtwara unaijua. Nikaenda kwa mafundi friji mjini, nikanunua bomba jembamba la shaba lile wanalotumia kwenye friji, likasafishwa mafuta ndani, likapashwa joto huku agoni inapita, na nikaongeza kichupa cha kukausha gesi mbele ya mashine. Mwanzo wa mlima ukarudi 453 na kitu. Fundi hakukubali nimlipe pesa ya kukunja, alitaka tu kujua kwa nini mwalimu wa kemia anajenga friji isiyopoza.

Kuna watu wanasafisha chumvi yao kwa amoniamu baifloridi, inarudisha oksidi kuwa floridi na kweli inafanya kazi. Ila inatoa haidrojeni floridi kwa makusudi kabisa. Kama huna chemba ya kuvuta gesi inayofanya kazi, sio ile yenye feni ya mapambo, usijaribu. Na hata bila hiyo, weka jeli ya kalsiamu glukonati mezani kabla hujafungua chupa ya kwanza. Haidrojeni floridi ikikutana na maji ni asidi, na asidi hii inaweza kupita kwenye ngozi usisikie maumivu muda huo, maumivu yanakuja baadaye wakati imeshafika chini. Ikikugusa unaosha kwa maji mengi, unapaka jeli, unaenda hospitali huku unapaka, na ukifika unasema kabisa ni asidi ya haidrofloriki (HF), usiseme tu "nimeungua na kemikali".

Mwanzo uko sawa 454, ila mkia ni mrefu au una bega

Sasa hapa ndo vipimo. Mwanzo umekaa, lakini baada ya mlima grafu hairudi chini haraka, inajikokota mpaka 480 au 500. Maana yake yutektiki imeyeyuka yote ila kuna chumvi moja imebaki ngumu na inaendelea kuyeyuka polepole humo ndani. Mwisho wa huo mkia ndo likwidasi yako, yaani joto ambalo chumvi yote imeshayeyuka, na wala sio kosa la mashine.

Sababu ya kwanza ni ya aibu kidogo na mi pia nimeifanya: kuchukua asilimia za moli ukazipima kama asilimia za uzito. Kwa gramu 10 unatakiwa upime lithiamu floridi 2.92, sodiamu floridi 1.17 na potasiamu floridi 5.91. Ukipima 4.65, 1.15 na 4.20 umetengeneza kitu kingine kabisa, lithiamu imejaa.

Sababu ya pili ni maji tena, ila kwa njia ya mizani. Tuseme potasiamu floridi yako imeshabeba maji asilimia 10 ya uzito. Umepima 5.91 lakini chumvi halisi ni 5.32, maji yakishatoka mchanganyiko wako una potasiamu 39.5 badala ya 42 na lithiamu imepanda mpaka 48.5. Kwa hiyo maji yale yale yanaweza kukupa milima midogo mwanzoni NA mkia mwishoni kwenye grafu moja, na wewe unatafuta matatizo mawili wakati ni moja.

Sababu ya tatu, hujachanganya vizuri. Unga uliosagwa tu kwenye kinu ukipashwa mara ya kwanza kila kona inayeyuka kivyake, unaweza kupata kituta karibu na 492 ambako lithiamu na potasiamu zinayeyuka zenyewe pale sodiamu haijafika. Usiandike chochote kutoka kwenye mpasho wa kwanza. Pasha mpaka uvuke likwidasi kwa nyuzi 50 hivi, kaa dakika kumi, poza, ndo upashe tena, huo wa pili na wa tatu ndo unaosomwa. Kituta cha 492 kikipotea kwenye wa pili, umemaliza.

Leo 454, kesho 458, keshokutwa 451

Chumvi haina hasira za siku, kipimajoto ndo kina hasira. Fanya kalibresheni kwa metali ambazo kiwango chake cha kuyeyuka kinajulikana: indiamu 156.6, bati 231.9, zinki 419.5, aluminiamu 660.3. Kwa FLiNaK zinki na aluminiamu ndo muhimu, zinakubana huku na huku. Watu wanakalibreti kwa indiamu peke yake sababu ni rahisi, afu wanashangaa kwenye 450, ni sawa na kupima urefu wa mnazi kwa rula ya shule.

Mambo mawili hapa. Usiweke metali hizo kwenye kikombe cha platinamu, zinaungana nayo na kikombe kinatoboka, na bei yake itakufanya uuze korosho za msimu mzima. Wala aluminiamu usiiweke kwenye nikeli. Mi nakalibreti kwenye grafaiti. Pili, kalibreti kwenye kikombe cha aina ile ile utakachopimia chumvi, au angalau hakiki humo, maana kila kikombe kinapitisha joto kivyake na ukihama unahama na nyuzi kadhaa.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini asitumie chumvi ya kawaida, sodiamu kloridi si inayeyuka 801? Ile safi ya maabara ndiyo. Hii inayovunwa kwenye majaruba yetu ya pwani ina magnesiamu na salfeti za bahari, ni tamu kwenye samaki ila kwenye kalibresheni itakudanganya.

Kasi nayo inahusika. Ukipasha kwa nyuzi 10 kwa dakika kilele cha mlima kinachelewa. Tuseme kilele kwa kasi ya 10 ni 466, kwa 5 ni 460.8, kwa 2 ni 457.6. Chora mstari mpaka kasi ya sifuri, unapata 455.5, hicho ndo kilele cha kuripoti kama unatafuta likwidasi. Kwa yutektiki safi usisome kilele kabisa, soma mwanzo, pale mstari wa mteremko unapokutana na mstari wa chini. Nusu ya ugomvi wa "mbona yako 454 yangu 461" ni kwamba mmoja kasoma mwanzo na mwingine kasoma kilele.

Na kama huna DSC, unatumia tanuru la kawaida na thamokapo (nyaya za kupimia joto) ndani ya chumvi huku unaandika joto linavyoshuka, inawezekana kabisa, mambo haya yalianzia huko. Ila thamokapo ya kawaida ya aina ya K inaruhusiwa kukosea asilimia 0.75, kwenye 454 hiyo ni zaidi ya nyuzi tatu, na kile kisoma-joto chake kikiwa karibu na tanuru kwenye chumba cha nyuzi 33 kosa linaongezeka. Kisogeze mbali, kiwekee kivuli.

Mlima unakuwa mdogo kila ukirudia

Chumvi inaondoka. Swali ni inaenda wapi.

Pima kikombe kabla na baada. Uzito ukipungua na kifuniko kina unga mweupe kwa ndani, inapaa kama mvuke, punguza joto la juu. FLiNaK ukiishia 550 haipai kiasi cha kukusumbua, zenye zirkoniamu ndo zinapaa kweli. Uzito ukipungua na nje ya kikombe kuna utando unang'aa, imepanda ukuta. Floridi iliyoyeyuka inapenda metali, inalowanisha platinamu na nikeli, inapanda ukingoni, inashuka upande wa pili mpaka kwenye sensa. Mi niliigundua nilipotaka kutoa kikombe na koleo likagoma. Kikombe kimegandana na sensa. Nilikaa nacho saa nzima na maji ya uvuguvugu na kijiti cha pamba, jasho linanitoka, hatimaye kikatoka na sensa ikabaki hai ila na kovu. Tangu siku hiyo naweka miligramu 10 mpaka 15 tu, na kifuniko.

Uzito haujapungua ila mlima unahama na kubadilika sura kila mzunguko? Angalia kikombe ni cha nini. Kama ni alumina, yaani oksidi ya aluminiamu, ndo hicho kinaliwa. Viwandani aluminiamu inapatikana kwa kuyeyusha alumina ndani ya floridi, ile kryoliti, njia ya Hall na Héroult ya 1886, sasa wewe unaweka floridi kwenye kikombe cha alumina unategemea nini. FLiNaK haili kwa kasi ya kryoliti lakini inakula, na kila inachokula kinaingia kwenye mchanganyiko. Kikombe cha alumina ndicho kinachokuja bure na mashine, ndo maana kosa hili liko kila mahali.

Chaguo langu ni grafaiti. Hasara yake chumvi hailowanishi, inajikunja kuwa tone kama maji kwenye jani la mgomba, tone likikaa pembeni mlima unapinda kidogo. Mwanzo hauathiriki sana, eneo la mlima ndo linaathirika, kwa hiyo kama unataka joto la kuyeyukia na sio nyuzi tu, afadhali kapsuli ya nikeli iliyochomelewa kabisa. Nikeli inalowanishwa ndiyo, ila ikiwa imefungwa chumvi itapanda iende wapi.

Inayeyuka 454 ila inaganda 430

Hiyo ni kawaida, imepoa kupita kiasi bila kuganda kwa sababu haijapata pa kuanzia fuwele. Unga mdogo kwenye kikombe laini ndo unafanya hivi sana. Soma kiwango cha kuyeyuka kwenye mpasho, acha mpozo.

Mstari wa chini unaruka ghafla kama ngazi

Chumvi haina hatia hapa. Andika saa mruko ulipotokea, afu kaa usikilize. Kwangu ilikuwa kompresa ya friji ya chumba cha pili, kila ikiwaka grafu inaruka, niliigundua siku nilipokaa kimya nasubiri. Weka mashine kwenye UPS yake peke yake, na kama umeme umekatika katikati ya mpasho usiendelee pale ulipoishia hata kama jenereta imewaka baada ya dakika mbili, maana gesi nayo huenda ilisimama na hewa imeshaingia. Tupa hiyo sampuli.

Hakuna mlima wowote

Fungua uangalie kama uliweka chumvi kwenye kikombe cha sampuli au cha rejea, kile kinachotakiwa kukaa kitupu cha kulinganishia. Nimeshafanya mara mbili.